Makala Moja ya Daktari Marceline

Kitu chenye thamani hakihitaji mpiga debe. Wanaokihitaji watakifuata kilipo, hata kama watachelewa. Kilicho hafifu ndicho huzungushwa mlango kwa mlango kutafuta mnunuzi. Daktari Marceline aliujua ukweli huu, na aliulipia kwa upweke.

Alikuwa daktari wa ubongo katika hospitali moja mjini Likasi, enzi za Zaire, moshi wa viwanda vya shaba ulipotanda juu ya mapaa kila asubuhi. Alichunguza kifafa. Miaka mingi alizunguka vijiji vya Kapolowe, akiwashika wagonjwa ambao hata jamaa zao waliogopa kuwagusa, akipapasa vivimbe chini ya ngozi zao, akiuliza nyama ya nguruwe ilipikwaje na vyoo vilichimbwa wapi. Watu waliamini kwamba povu la mgonjwa huambukiza, kwa hiyo aliyelipangusa naye aliogopwa kama ukoma. Mchumba wake alimwacha kwa sababu hiyo. Mtaani kwake, Kikula, hapakuwa na mtu aliyebisha hodi kwake.

Hatimaye aliandika makala moja. Ilionyesha kwamba wengi wa wagonjwa wale walikuwa na minyoo ya nguruwe iliyojificha ubongoni. Halikuwa povu, wala haukuwa uchawi. Makala ilichapishwa ng'ambo, na mjini Likasi hakuna aliyeiulizia.

Mwenzake, Daktari Philippe, alikuwa mtu wa namna nyingine. Utafiti mmoja aliukata vipande vipande kama nyama ya sokoni, kila kipande kikawa makala. Alivaa abakosti, suti rasmi ya enzi zile, akagawa nakala kwenye mikutano ya chama tawala, akajisifu redioni. Sifa zake zilienea kama moto wa nyika wakati wa kiangazi.

Siku moja mkurugenzi wa hospitali alimwita Marceline.

"Citoyenne Marceline, Philippe anaandika kila mara. Weye uko na makala moja tu. Chumba ya wagonjwa yako tutamupa yeye."

"Na wagonjwa?"

"Barudie kwabo."

Marceline alijua maana ya kurudi kwao: kufungwa kamba nyuma ya nyumba. Hata hivyo sauti yake haikupanda.

"Miye niliandika ile nilijua kama njo kweli," alisema. "Zaidi ya pale, sikukuwa na ya kuandika."

Kabla wagonjwa hawajaondolewa, alifika mgeni kutoka Bujumbura, Daktari Étienne, akimwulizia mtaalamu wa kifafa. Mkurugenzi alimwita Philippe, naye akaja na furushi la nakala. Mgeni alizipitia kwa adabu, kisha akaziweka mezani.

"Samahani," alisema, "ninamtafuta Daktari Marceline, aliyeandika juu ya Kapolowe. Kwetu, kila anayeandika juu ya kifafa huanza na makala yake. Zambia ni vivyo hivyo, na hata Ulaya. Kwa sababu ya makala hiyo tumewafungua wagonjwa waliokuwa kwenye kamba."

Mkurugenzi alimgeukia Philippe. "Na zako? Nani anazitaja?"

Philippe alianza kuzikusanya nakala zake. "Miye mwenyewe," alijibu kwa sauti ndogo.

Chumba hakikuchukuliwa. Étienne alishinda mchana kutwa na Marceline kando ya vitanda, akijifunza jinsi ya kupapasa vivimbe. Hakuna aliyewahi kumwuliza Marceline maswali mengi kama yale. Alasiri ilipofika mgeni alipanda treni, na ukimya ukarudi mahali pake.

Jioni, jirani yake Mama Alphonsine alimwona akifungua mlango.

"Mama Marceline, banasema jina yako ilifika mbali. Mbona hauko na furaha?"

"Furaha iko, mama. Muntu wa kuambia njo haiko."

Alphonsine aliinamisha macho. Akaingia kwake. Marceline naye akaingia, akawasha jiko la makaa, akajipikia bukari, ugali wa mtu mmoja. Katika nchi ambazo hangeziona kamwe, watu wasiomjua walikuwa wakiisoma kazi yake na kuwafungua wagonjwa wao, bila yeye kuipigia debe hata mara moja. Naam, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.