Mkunga Unaisa na Kilio Ambacho Hakukisikia

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba palikuwa na mkunga mwadilifu, Unaisa binti Sabiti, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeishi katika mji mdogo wa nchi ya Yemen. Alikuwa mjane asiye na mtoto wake mwenyewe, na nusu ya watu wa mji ule walikuwa wamepokewa na mikono yake. Alikuwa mtu wa sala, na wa kufunga Jumatatu na Alhamisi. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nasimulia habari ya mwanamke mwovu. Mwovu anajua anachofanya. Shida ni yetu sisi tunaojiona wema.

Katika mji ule ukunga haukuwa kazi ya kujiokotea. Mwanamke aliyeitaka alikwenda mbele ya Kadhi akiwa na udhu, akaapa kwamba hatatoa nje siri ya nyumba aliyoingia, wala kumwacha mzazi mmoja kwa kuitwa na mwingine mwenye uwezo zaidi, wala kuvuta kwa nguvu kisichotaka kutoka. Na akaapa pia kwamba siku jicho lake, sikio lake au mkono wake utakaposhindwa na kazi, atakuja mwenyewe kusema, asingoje kuletwa. Kwa kiapo hicho neno lake likapewa uzito. Mambo ya chumba cha uzazi wanaume hawayaoni, kwa hiyo Kadhi wa mji ule alilikubali neno la mkunga mmoja aliyeapa, na hakuna aliyethubutu kulipinga.

Neno zito kuliko yote lilikuwa hili: mtoto alilia, au hakulia? Mtoto akitoka tumboni akalia hata mara moja, kisha akafa, huyo ni mtu kamili. Hupewa jina, huoshwa, husaliwa, hurithi na kurithiwa. Asipolia wala kuonyesha uhai, hufungwa kitambaa na kuzikwa bila sala, na kwenye mirathi ni kama hakupata kuwako.

Na Unaisa alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Masikio yalimwondoka kidogo kidogo, mpaka ukapita mwaka wa pili hasikii hata adhana. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo ya watu, na aliyemsemesha kwa nyuma akashtuka kukaripiwa baadaye: "Nitazame unaposema nami, adabu umeiacha wapi?" Watu wakasema mkunga wetu kaingiwa na kiburi uzeeni. Naye akaona afadhali waseme hivyo. Mtoto akizaliwa, alimwekea kiganja kifuani, na kifua kikitetemeka na mdomo ukifunguka, alisema, "Kalia, alhamdulillahi." Akajiambia kazi inakwenda, kiapo hakijavunjika. Kila mwezi alinuia kwenda kwa Kadhi mwezi unaofuata.

Basi asubuhi moja akaitwa kwa Raita, mwanamke kijana aliyefiwa na mume mimba ikiwa na miezi sita. Raita alikuwa mgeni katika mji, hana mama wala dada. Aliyekuwa naye ni jirani, Sumbula, muuza maziwa, ambaye alikuwa uani akichemsha maji. Na nje ya mlango alikuwa ameketi Hamdani, ndugu wa marehemu. Usidhani alikwenda kumwombea dua mzazi. Mtoto asipopatikana, fungu kubwa la nyumba ile ni lake, na alikwisha kusema kwamba Raita atapandishwa punda arudi kwao. Mtoto akilia hata kwa dakika moja, mama yake atamrithi, na fungu lake litamtosha kubaki na chumba na kisima.

Mtoto alitoka jua likiwa limepanda. Wa kiume, rangi yake kama majivu, kitovu kimemzonga shingo mara mbili. Unaisa alikizongoa upesi, akamfuta mdomo, akamsugua mgongo, akamwekea kiganja kifuani. Kitu kilitetemeka. Au ulikuwa mkono wake mwenyewe? Mdomo wa mtoto ulifunguka. Ulifunguka kwa kilio, au ulifunguliwa na kidole kilichokuwa kikiufuta? Hata hajamaliza kujiuliza, kifua kimetulia, na hakikutikisika tena.

Hamdani akachungulia pazia. "Mama mkunga, kalia?"

Unaisa aliisoma midomo yake, na ulimi ukamtangulia. "Sikusikia kilio."

Ilikuwa kweli. Hakusikia kilio, kama ambavyo hakuisikia mvua ya mwaka ule wala ya mwaka uliopita. Hamdani akaondoka anatangaza, "Mkunga kasema hakulia!"

Raita akamshika mkunga nguo, wakatazamana. "Mama, mbona unasema hivyo? Alilia! Mara mbili. Si ulikuwa umemshika mwenyewe?"

"Tulia, binti yangu. Umechoka."

"Nimechoka, lakini sikulala! Alilia kama mwanambuzi. Nyumba waichukue wakitaka. Mimi nataka mwanangu asaliwe."

Unaisa alimalizia kazi yake kwa Raita kama inavyopasa, asimtazame tena usoni, akaenda zake.

Habari zilipomfikia Kadhi, akatuma neno kwamba maiti isizikwe, na mkunga aje baada ya Adhuhuri kutoa ushahidi wake kwa kiapo. Zilibaki saa chache. Unaisa alitia udhu, akaswali dhuha, akasahau kama ni rakaa ya kwanza au ya pili, akaanza tena. Alipika uji, ukaungua mbele ya macho yake. Akisema mtoto hakulia, hajui. Akisema alilia, kwa kumhurumia Raita, pia hajui. Alikuwa na maneno mawili mdomoni, na yote mawili si yake. Lililokuwa lake ni la tatu, na hilo likitoka, hakuna mlango utakaofunguliwa tena kwa ajili yake. Wanawake wanaomsimamisha njiani wakimwita mama watampita kama wanavyompita kikongwe yeyote.

Akiwa katika hali hiyo, Hamdani akaingia, akaketi mbele yake.

"Mama, usinifikirie vibaya. Sikuja na kitu mkononi, wala sikuja kukutisha. Mimi ni mtu wa haki."

"Umekuja na nini basi?"

"Nimekuja kukutia nguvu. Sema lile lile ulilolisema asubuhi. Sikuombi uwongo."

"Na kama nina la kuongeza?"

Hamdani akacheka. "La kuongeza la nini, mama? Kadhi atakuuliza swali moja. Mwenye akili hujibu alichoulizwa, akanyamaza."

Akaenda. Lau Unaisa angeletewa hongo angeitupa nje, maana hongo anaijua. Lakini mtu huyu hakutaka aongeze wala apunguze neno. Alilitaka lile lile alilolitoa kinywani mwake, kama lilivyo.

Mahakamani watu walikuwa wamejaa. Raita aliketi upande wa wanawake, mtoto mapajani, amefunikwa. Kadhi Muflihi, mzee asiyependa maneno mengi, akamtazama mkunga, akamuuliza, "Unaisa binti Sabiti, ulimsikia mtoto huyu akilia?"

"Sikusikia."

"Alhamdulillahi," akasema Hamdani.

Kadhi akachukua kalamu, akainamia karatasi, na huku ameinama akauliza neno jingine. Unaisa aliona kilemba tu. Kila mtu alijua Kadhi anauliza nini mahali hapo, na Unaisa alijua kuliko wote: anauliza, waapa kwa hilo? Ilikuwa imebaki kusema, "Naapa," na aende nyumbani. Kadhi akauliza tena, bado ameinama. Watu wakaanza kutazamana. Jasho lilimtoka mkunga mpaka likalowesha shingo ya nguo.

"Ewe Kadhi," akasema, "inua kichwa chako. Sijui umesema nini."

Kadhi akainua kichwa. "Nimekuuliza, waapa?"

"Siapi. Sikumsikia mtoto, kama ambavyo sikukusikia wewe sasa hivi. Mimi simsikii mtu. Nililolisema asubuhi ni kweli, nami nimeiacha kweli hiyo iwadanganye watu tangu asubuhi."

Kelele zikazuka ambazo yeye hakuzisikia, ila aliona midomo. Aliona Hamdani akisema, "Kazeeka huyu, akili imemwondoka!" Akamwona mwanamke mmoja aliyempokelea watoto wanne akipiga paja, "Kumbe kiziwi! Na alivyokuwa akitugombeza!" Wenzake wakacheka, naye akawaona wakicheka.

"Tangu lini?" akauliza Kadhi.

"Miaka miwili."

"Na kiapo chako?"

"Nimekivunja kila siku niliyoamka."

"Kwa sababu gani?"

"Niliogopa siku ambayo hakuna atakayeniita."

Kadhi akauliza tena. "Ulikuwa umemshika. Mkono wako haukuhisi kitu?"

Raita akainua uso. Hapo, ndugu zangu, ilikuwa rahisi kumpa yule mama anachokitaka, na watu wote wangemwita Unaisa mwenye huruma. Akasema, "Ulihisi. Lakini sijui kama kilichotikisika kilikuwa chake au changu. Usiliandike hilo."

Kadhi akaiweka kalamu chini. "Basi neno la mkunga limeondoka, la asubuhi na la sasa. Ni nani mwingine aliyekuwa karibu?"

Sumbula akasimama. "Mimi nilikuwa uani na maji yangu. Nilisikia kilio. Mara mbili, cha pili kikakatika."

"Ulimi wako ulikuwa wapi asubuhi, muuza maziwa?" akadakia Hamdani.

"Ulikuwa hapa hapa mdomoni, bwana. Mkunga aliyeapa kasema hakusikia, mimi na kibuyu changu niseme nimesikia, nani angenisikiliza? Wewe? Nikajiambia pengine ni mbuzi wangu. Kisha nikakumbuka mbuzi nimewapeleka malishoni tangu alfajiri."

Kadhi akamtenga, akamuuliza peke yake kilio kilikuwaje na kilikuja lini. Akamuuliza Raita naye mbali. Maneno yao yakaoana, na Sumbula akaapa. Kadhi akahukumu kwamba mtoto alizaliwa hai. Alasiri ile akaoshwa, akavikwa sanda, mama yake akampa jina la Abdulbaki, akasaliwa. Hamdani alisimama safu ya pili, maana kutosimama kungemwaibisha zaidi.

Unaisa akaondolewa katika ukunga, na tangu siku ile Kadhi akaamuru kila mtoto azaliwe mbele ya wanawake wawili. Lakini kabla hajatoka, Kadhi alimsimamisha mbele yake ili aione midomo yake vizuri. "Katika miaka miwili hiyo, ni watoto wangapi uliosema hawakulia?"

Hakuhitaji kufikiri. "Wawili."

"Mama zao wapo?"

"Wapo."

Kadhi hakumwambia la kufanya. Kesho yake Unaisa alikwenda kwa wa kwanza, akamweleza yote. Yule mwanamke akasema, "Mama, mtoto wangu alitoka ngozi imeshaanza kuchubuka. Hata mimi nilijua. Nenda, Mungu akusamehe." Akaenda kwa wa pili. Huyo alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mpaka mwisho, hakutukana wala hakulia, akaufunga mlango. Unaisa akarudi Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata, akaketi kizingitini mpaka jua lizame. Wanasema alifanya hivyo miaka saba, hadi alipokufa. Kama mlango ulipata kufunguliwa, wasimulizi hawakusema.

Enyi waumini, msimhurumie Unaisa mkasahau nafsi zenu. Ametukataza Mola wetu kuficha ushahidi, nasi tukadhani anayeficha ni yule anayesema uwongo. Mtu anaweza kuficha kwa neno la kweli kabisa, akalala usingizi. Na wewe uliyepewa amana ya miili ya watu, mkunga, mwuguzi, tabibu, siku utakapoona huiwezi tena, kaseme mapema, angali yupo wa kukusamehe. Tunamwomba Mwenye kusikia kila kilio atusitiri na hukumu ya kweli zetu pungufu. Amina.