Fundo la Nyasi Kichakani

Mtu mmoja alikuwa na mke mgonjwa. Aliitwa Luhende, na mkewe Nyamizi. Homa ilikuwa imemwacha Nyamizi, lakini nguvu hazikurudi. Ugali ulimshinda, uji ulimtapisha, na kitu pekee kilichokaa tumboni mwake ni mayai ya kanga wa porini. Mavuno bado yalikuwa mbali. Basi Luhende, mzee mwenyewe, akawa anajikokota hadi porini kumtafutia.

Kijiji chao kilikuwa na desturi. Anayekuta kiota cha kanga hachukui yote, wala hayagusi mayai kwa mkono. Huyavuta kwa kijiti, akaacha ya kutosha, maana kanga akikuta yamepungua mno hukihama kiota asirudi. Kisha hufunga fundo la nyasi mbichi kwenye kichaka. Anayekuja nyuma akiliona fundo hupita, hata kama ana njaa, mpaka nyasi zikauke na kanga awe ametaga mengine. Ndivyo kanga walivyodumu, na watu nao wakala.

Luhende alifunga mafundo tangu ujana wake. Lakini siku hizi alikuwa akikuta viota vimechotwa na hakuna hata unyasi mmoja uliofungwa, na kila mara alisema moyoni, wezi hao. Alichoka. Alichoka kuwa mwaminifu peke yake, na uchovu wa namna hiyo hauishi kwa kulala.

Asubuhi moja akakuta kiota kimejaa. Akavuta mayai yake, akamwachia kanga ya kwake. Alipotaka kuinama kukata nyasi, mgongo ukamkatalia. Akajiuliza anamfungia nani. Waungwana walikwisha, alijiambia. Fundo litawaonyesha wezi tu mahali penyewe. Akashika njia ya nyumbani.

Nyuma yake akapita jirani yake, Mihayo. Hakuona fundo, akajua yeye ndiye wa kwanza. Akavuta mayai kwa kijiti, akaacha kiasi, akafunga nyasi vizuri, akaenda zake.

Kesho yake Luhende aliporudi pale kichakani alikuta fundo halijakauka, na ufungaji ule aliujua, ulikuwa wa Mihayo. Kiotani mlikuwa na mayai machache, ya baridi, sisimizi wakitembea juu yake. Kanga alikuwa amehama. Hasira zikampanda, akaenda moja kwa moja hadi kwa Mihayo na kumwita mwizi mbele ya mke na watoto wake.

Mihayo hakumjibu kwa ukali. Alimtazama tu, akasema, "Kaka, mimi sikukuta fundo."

Luhende aligeuka. Akaondoka mikono mitupu, na aibu yake. Njiani alivikumbuka viota vyote alivyokuta havina fundo, na watu wote aliowaita wezi, akashindwa kujua ni wangapi kati yao walikuwa wamechoka tu, kama yeye.

Nyamizi aliposikia mlango aliinuka kwa kiwiko, akaitazama mikono ya mumewe. Kisha akalala tena, akageukia ukutani.

Basi, nyinyi mnaosikia: mwizi mahali pake tunapajua, huyu aliyechoka tu, tumweke upande gani?