Sanduku la Chuma la Dwight

Akili nyingi huondoa maarifa. Wahenga hawakuwatukana wenye akili hapo. Walimlenga mjuaji, yule ambaye hata akiwekewa jambo mbele ya macho kwa maandishi, huona aliyeandika ndiye hajui. Mjuaji wa namna hiyo ni Dwight Tollefsrud wa Montana, Marekani, na mkewe Marlys hajamsamehe hadi leo.

Marlys alizaliwa katika nyumba ya wawindaji. Marehemu baba yake alijaza mwenyewe maganda ya risasi kila kiangazi, kungojea msimu wa kulungu. Baruti aliiacha katika mikebe ileile iliyotoka nayo dukani, ndani ya kabati la mbao nyembamba, mbali na jiko, mlango ukishikizwa kwa kijiti tu. Alikuwa akisema kwamba baruti yenye upenyo ikishika moto huwaka ikaisha, lakini ukiibana itatafuta pa kutokea, na haitakuuliza umesimama wapi.

Mzee alipofariki, Marlys alilirithi kabati lile. Dwight akalicheka, akasema ni banda la kuku, akalipeleka uani na kuku wakataga humo kweli. Kisha akaunda sanduku la chuma nene, akalichomelea pembe zote, akauzungushia mfuniko mpira na vibano vinne. Mikebe yote akaifungia humo, sanduku akaliweka karakanani, hatua tatu kutoka jiko la kuni. Alitamba kwa kila aliyepita kwamba hata jehanamu haitalifungua.

Marlys alitwaa mkebe mmoja, akamsomea onyo lililoandikwa ubavuni neno kwa neno.

"Hayo yaliandikwa na mawakili," Dwight akamjibu, "kwa ajili ya watu wa mjini wasiojua hata bunduki inashikwa upande gani."

Damu ilimchemka Marlys. Baba yake hakuwa wakili wala mtu wa mjini! Mara mbili aliihamisha mikebe, na mara mbili Dwight akairudisha huku akipiga mluzi. Mara ya tatu Dwight alilitia sanduku kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Jumamosi moja ya Novemba, asubuhi, Dwight alilishindilia jiko la karakanani magogo, akaenda zake mjini kunywa kahawa na wenzake. Bomba la jiko likaiva, dari ikashika moto. Wa kwanza kufika alikuwa Curtis, mdogo wake Marlys, mmoja wa wazimamoto wa kujitolea. Aliijua karakana ile, hivyo kabla ya kuingia alimpigia Dwight simu kumuuliza baruti iko wapi.

"Ipo kwenye sanduku langu, shemeji. Ingia tu, ni salama kabisa."

Marlys alitoka jikoni akamkuta nduguye mlangoni, mpira wa maji begani. Alimwita kwa sauti ambayo hakujua anayo. Curtis aligeuka, akapiga hatua mbili kumfuata, na sanduku likapasuka. Ukuta mzima ulimwangukia. Mfuniko uliokotwa kwenye malisho ya jirani. Banda la kuku, lililokuwa nyuma ya nyumba, halikupoteza hata ubao.

Curtis hakufa. Hatua zile mbili ndizo zilizomwokoa, lakini masikio yote mawili yalikufa. Dwight alipofika hospitalini alilia, akaomba radhi kwa maneno mengi, na mgonjwa akawa anamtazama midomo tu asiambulie kitu. Marlys akamtupia mumewe kalamu na karatasi.

"Hakusikii. Mwandikie."

Dwight aliandika kwamba anasikitika, kwamba alidhani chuma ndicho salama.

"Sasa mwandikie na yale ya kwenye mkebe."

Dwight aliinama. Mkebe haukuwapo chumbani, wala hakuna aliyemsomea, lakini mkono wake haukusita hata mara moja: Weka mbali na moto. Usifungie ndani ya chombo kizito kilichozibwa. Aliyajua kwa moyo. Miaka yote ile aliyajua.

Curtis alisoma, akamrudishia karatasi, akageukia ukutani. Marlys alichukua koti lake akatoka bila kumngoja mumewe, naye Dwight akabaki na karatasi mkononi, shahidi wa kauli ya wahenga: akili nyingi huondoa maarifa.