Fundi Aliyengoja Prosesa

Fundi mmoja wa video huko Tukuyu alikuwa na kompyuta nzima, na kazi za watu zilikuwa zikimsubiri. Jina lake Ambokile. Kompyuta ilikuwa ya zamani, ikinguruma na kujikokota, lakini ilikuwa inafika. Harusi za nusu ya mji zilipita humo, na hakuna aliyewahi kurudisha kazi.

Alikuwapo pia mjane, Mama Lugano, aliyekuwa na binti mmoja tu. Binti alipoagwa kwenda kuolewa, Ambokile ndiye aliyepiga picha za video. Siku hiyo Lugano alipiga magoti mbele ya ukumbi mzima, akamlisha mama yake keki, akamnong'oneza neno sikioni, na mama akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mwaka haukuisha, Lugano akafa kwa uzazi, na kichanga naye hakubaki. Picha zile mama hakuwa ameziona bado. Zilikuwa kwa fundi.

Kisha hospitali wakamwambia mama ana presha ya macho. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na iliyobaki itaifuata. Alitoka huko moja kwa moja mpaka dukani kwa Ambokile, akamweleza bila kumficha kitu. Nataka mlijue hili vizuri: fundi aliambiwa.

"Pole sana, mama," akasema Ambokile. "Lakini mashine hii imechoka. Prosesa mpya, ndizo ubongo wa kompyuta, zinakuja, na zinakuja na bodi zake za kuchomekewa. Nikinunua za sasa nitakuwa nimejifunga, kesho bodi yake haipokei prosesa mpya. Vumilia kidogo nikufanyie kazi ya heshima. Subira yavuta heri."

Mama akamwomba amwonyeshe hivyo hivyo, mbichi, bila kukatwa wala kuungwa, hapo hapo kwenye kioo kidogo cha kompyuta. Fundi akatabasamu akakataa. Kazi mbichi haitoki dukani kwake, akasema, ana jina. Mama akarudi nyumbani na hasira. Jina gani hilo lisiloweza kumwonyesha mama uso wa mwanawe? Na ile methali ya subira, tangu lini ikawa mali ya mtu anayewangojesha wenzake?

Prosesa zikaja. Ambokile akasikia kwamba za kwanza huwa na matatizo, mwenye akili husubiri zitulie. Zikatulia. Akasikia nyingine ziko njiani, za bodi tofauti kabisa, na anayenunua leo atajuta. Hakusema uongo hata mara moja, na hapo ndipo panapouma. Kila alilosema lilikuwa kweli, na kompyuta nzima ikakaa mezani imefunikwa kitambaa. Mama Lugano naye alikuwa akija. Mwanzoni aliusoma ubao wa duka mwenyewe. Baadaye akawa anawauliza wapita njia. Mwishowe alifika akipapasa ukuta, na fundi alimwona akipapasa, akamvutia kiti, akamwambia bado kidogo.

Siku ikafika, Ambokile akanunua. Akakata, akaunga, akasafisha rangi, na kwa kweli kazi ilipendeza. Akabeba kioo kikubwa mpaka nyumbani kwa mjane, akakiweka sebuleni, akawasha. Ukumbi ukatokea, na Lugano akapiga magoti.

"Tazama, mama, hata nywele za kope zinahesabika."

Mama Lugano alikuwa ameelekeza uso dirishani, kwa sababu spika ziliwekwa upande huo na sauti ilimfikia kutoka huko. Alisikia ukumbi ukipiga vigelegele. Alisikia kicheko chake mwenyewe cha zamani. Mnong'ono wa bintiye haukunaswa, maana uliingia sikioni mwake peke yake. Kilichobaki kilikuwa uso, na uso ulikuwa kando yake kwenye kioo, umesafishwa vizuri. Akanyoosha mkono, akakipapasa kioo, kikawa baridi na laini kotekote.

"Prosesa zako zina toleo jipya, Ambokile," akasema. "Macho yangu hayana."

Fundi akainuka. Akazima kioo, na mama hakujua kama kimezimwa mpaka sauti ilipokatika.

Nanyi mliokaa hapa, mnaosema mtatenda jema mtakapopata chombo kinachofaa, kile kilicho mezani kwenu mmekifunika kitambaa kwa nini, na yule mliyemwambia asubiri, mmemuuliza kama bado anaona?