Bustani Iliyonyolewa

Wapendwa, niacheni leo niende taratibu, maana jambo lenyewe halitaki haraka.

Alikuwapo mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Mke huyo aliacha bustani nyuma ya nyumba: mistari sita ya bilinganya, minne ya bamia, na chini yake, kila mahali, matembele. Mnayajua matembele, yale majani ya kiazi kitamu tunayolia ugali. Yalitambaa kati ya mashina mpaka udongo usionekane. Asubuhi umande ulilala juu yake, nyuki wakipita polepole, na mtu akisimama humo aliona kama ardhi imelala na inapumua.

Mzee alikuwa seremala, mtu wa mstari ulionyooka. Bustani hakuwahi kuigusa. Mkewe alipokwenda, watu walikaa naye matanga siku tatu, wakilala kwenye mikeka uani. Siku ya nne akanyolewa nywele, kama ilivyo desturi ya kwao, wageni wakaaga, mikeka ikakunjwa. Naye akazunguka nyuma ya nyumba, akaitazama ile bustani kwa muda mrefu. Akawaza: hiki ndicho kilichobaki cha mke wangu. Watu wasije wakasema nimekiacha kiote magugu.

Akachukua jembe. Siku mbili nzima aling'oa kila kilichotambaa, akakichoma. Alipomaliza jembe akashika ufagio. Mwanya wa wigo akauziba kwa miiba, asiingie mtu kukanyaga. Udongo ukabaki mwekundu, safi, na kila mche ukasimama peke yake. Akasema moyoni, "Sasa pamependeza. Angepaona, angefurahi."

Niwaulize, je, huyu alikuwa mtu mbaya? Alikuwa mvivu? Alifanya yote kwa upendo, ndugu zangu. Kwa upendo kabisa.

Kisha jua likaja. Siku zikawa ndefu na nyeupe. Alibeba ndoo asubuhi na jioni. Maji yalizama, na kabla ya adhuhuri udongo ulikuwa umepasuka tena kama kisigino. Majani ya bilinganya yakalegea. Mchana aliketi ukutani penye kivuli, akitazama, na katika joto lile linalotetemeka alimwona mkewe ameinama kati ya mistari, anachuma, anasogea, anachuma, bila kugeuka nyuma. Alipofumba macho na kuyafumbua, hakuwa yeye. Ulikuwa mche mwingine ulioinama. Ndipo alipoingiwa na hofu: bustani hii ikifa, nitakuwa nimemzika mara mbili.

Wiki ya tatu akasikia sauti nje ya wigo. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, amebeba kikapu. Na mnajua mashemeji kwa utani.

"Hodi wenyewe! Shemeji, miiba yote hii umemtegea nani? Fisi?"

"Nalinda bustani ya dada yako."

Mama yule akachungulia, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Shemeji, kunyoa kichwa ni desturi. Ardhi nayo, nani alikwambia uinyoe?"

"Nimepalilia. Yalikuwa magugu."

"Magugu! Magugu uliyolia ugali miaka minne? Ile ilikuwa nguo ya udongo, shemeji. Ilizuia jua, unyevu ukakaa chini. Wenzetu hutandaza nyasi kavu. Dada alitandaza mboga."

Mzee alitazama mikono yake, ile iliyong'oa. Kisha akasema, "Basi niletee marando ya matembele niyapande tena. Nitayatunza mwenyewe."

"Mwenyewe hutaweza. Matembele yasipochumwa hupanda juu ya miche yakaikaba. Yanataka mikono mingi, na kila siku."

"Mbona dada yako aliweza peke yake?"

"Peke yake? Wewe ukiwa kwenye randa zako, sisi tulikuwa humu. Wanawake saba, siku nyingine wanane. Tunachuma, tunapiga soga, tunakusengenya kidogo, tunaondoka."

Mzee akatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. "Kumbe aliyapenda hivyo matembele."

Shemeji akamtazama kwa huruma. "Umekaa naye miaka thelathini. Ulimwona lini akiyala?"

Mzee akafikiri. Hakukumbuka hata siku moja.

"Basi aliyapandia nini?"

"Aliyapanda mwaka ule moyo wake ulipoanza kumsumbua. Alituambia, 'Mume wangu hajui kubisha hodi kwa mtu. Nikiondoka atajifungia. Nataka nyumbani kwake kuwe na kitu ambacho watu hawana budi kuja kukichuma.'"

Yule mzee aliinuka, akaishika miiba kwa mikono mitupu, akaanza kuivuta.

Wapendwa, humu ndani tumo tuliozika mwaka huu. Nasi tunajua sana kufagia. Tunang'oa kila kinachotambaa kutujia, tukisema tunatunza kumbukumbu. Jirani anayekuja kuomba chumvi akakaa saa nzima. Shangazi anayerudia hadithi ileile. Watoto wa watu wanaopiga kelele mlangoni. Tunawaita usumbufu. Halafu tunashangaa, mbona nasali na moyo haulowi?

Mungu akitaka kumfunika mfiwa hatumi mti mrefu. Hutuma vitu vya chini, vidogo, vinavyotambaa polepole mpaka udongo usionekane. Ukivikataa, utabeba ndoo mpaka mgongo ukatike.

Na wewe uliyelala matanga siku tatu ukakunja mkeka wako ukaenda, nawe nikuulize: nani alikwambia ukame huisha siku ya nne? Rudi. Rudi bila sababu kubwa. Chuma kidogo, ongea kidogo, uondoke.

Nawe uliyebaki nyumbani, mtu akibisha wiki hii, na huna hamu ya kumwona mtu, usimwambie umechoka. Mfungulie. Huenda uliyemzika ndiye aliyemwomba aje.