Nyumba Isiyosikia Hodi

Zama za Sultani Mundhiri bin Ghaithi, aliyetawala mji wa Zahrani ambao jua lake lilichoma hata kivulini, aliishi mnakili wa vitabu jina lake Sabahu, mtu wa hati nzuri na roho isiyotulia. Nyumba yake ilipakana na soko la wafua shaba, na nyundo zilianza alfajiri zikakoma magharibi, na yeye kila akishika kalamu huinuka, akaenda dirishani, akarudi, akainuka tena. Na juu ya hayo mkewe, Bi Tuhufa, alikuwa mjamzito, na mimba mbili zilikwisha kuharibika kwa joto, na mkunga, Bi Salhina, alisema wazi kwamba hii ya tatu haitastahimili kiangazi chini ya paa lile.

Basi siku moja, kwa kudra ya Mola, Sabahu alikuwa akivuta maji kisimani, ndoo ikapanda na pete ya chuma, na alipoifuta kwa kanzu akasimama mbele yake jini mrefu kuliko mnara. Akasema jina lake Kaikashi, na kwamba pete hiyo imemfunga kumjengea bwana wake nyumba moja tu, wala asitakwe kazi nyingine. Sabahu akamwomba nyumba chini ya ardhi, ambamo joto haliingii wala nyundo hazisikiki. Jini akamuuliza kama ana hakika, naye akajibu ana hakika mno. Watu wa pupa ndivyo walivyo.

Kabla jua halijatua nyumba ilikuwa tayari: mlango wa jiwe juu, vidato arubaini vya kushuka, vyumba saba vyenye ubaridi wa mtungi, na jiko ambalo moshi wake ulipita katika bomba ukatokea nyuma ya ukuta wa mji. Nuru iliingia kwa tundu moja kando ya mlango, lililofunikwa kioo kinene, ikaangukia sahani za shaba, nazo zikairusha chumba hadi chumba. Bi Tuhufa alilala usingizi alioukosa miezi mingi, na mashavu yakamrudia, na Sabahu akalia kwa furaha.

Siku ya tatu akaanza kuhangaika. Hajui adhuhuri wala alasiri. Karatasi zilishika unyevu na wino ukachuruzika. Mbuzi akisimama juu ya kile kioo, nyumba nzima huwa giza, naye hupanda vidato arubaini kumfukuza, na akishuka tu mbuzi karudi. Kilichobaki cha kutazama ni nyayo za wapita njia, zilizoonekana katika sahani. Na wageni hawakuja. Bi Tuhufa akasema watu wamewasahau. Sabahu akasema afadhali, huku macho yake yako kwenye nyayo.

Miezi ilipotimia, asubuhi uchungu ulipomshika mkewe, Sabahu alipanda mbio, akamtuma dobi aliyekuwa akipita amwite mkunga, akashuka. Bi Tuhufa akamshika mkono asiuachie. Tumbo lilikaza na mtoto hakushuka, na nguvu za mama zikawa zinamwisha. Ndipo Sabahu alipoona katika sahani mitalawanda myekundu, viatu vya mti vya Bi Salhina. Ikasimama mlangoni, ikangoja, kisha ikageuka.

Hapo akakumbuka. Ada ya Zahrani ni hodi tatu, na asiyeitikiwa huenda zake, hata awe kadhi. Na yeye mwenyewe ameinakili ada hiyo katika vitabu arubaini, kwa wino mwekundu. Mkewe hakuuachia mkono wake apande, basi aliita hadi koo likakauka, lakini jiwe lile lilivyokuwa haliingizi sauti, halikutoa pia. Akaisugua pete, akamsihi jini amrudishe yule mkunga.

"Nimefungwa kwa nyumba, bwana wangu, si kwa watu," akasema Kaikashi. "Na ukinituma kubomoa nilichojenga, ahadi yetu imekatika. Nitakwenda zangu, na joto lako utabaki nalo."

Sabahu akamtazama mkewe, ambaye midomo ilikwisha kuwa myeupe.

"Pasua dari," akasema.

Dari ikafunguka katikati kama kifuniko cha sufuria, na jua likamwagika, na vumbi, na kelele zote za wafua shaba kwa pamoja, na yule mtu aliyechukia kelele akapaza sauti kuzishinda nyundo zote: "Karibu, Bi Salhina! Karibu, mama, karibu!"

Mkunga akarudi, akashuka huku akimsema kwamba hodi zake tatu zimeliwa na jiwe. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alilia, na kilio kikapanda hadi sokoni, na nyundo zikanyamaza moja baada ya moja.

Habari zikamfikia Sultani, naye akaja, akasimama ukingoni mwa dari iliyopasuka, akapiga hodi, akaitikiwa mara ya kwanza. Akaona kwamba chumba cha kati, kilichogeuka uwanja wazi, kimeleta hewa na nuru, na vyumba vya pembeni vimebaki baridi vilevile, jambo ambalo hata jini hakulijua. Akaamuru nyumba za Zahrani zichimbwe hivyo, na Sabahu awe msimamizi wa kazi hiyo, akamvika joho na kumpa mali iliyomtosha yeye na kizazi chake. Na nyundo zikichelewa asubuhi, Sabahu hutoka uwanjani na binti yake begani, akaita juu kuuliza kulikoni.

Nawe uliyeisikiliza hekaya hii, jichimbie nyumba popote utakapo, ila kabla hujahamia, mweke mtu nje apige hodi, uone kama utaitika.