Ufagio wa Mtakatifu Stefano

"Aliyepewa ufagio si mgeni." Mmelisikia neno hilo leo kanisani, mkanijia mbio kuuliza kwa nini ni ufagio na si jembe. Jembe lina methali yake, liacheni lipumzike. Hii ya ufagio ilizaliwa hapa hapa, katika mtaa wetu wa Mtakatifu Stefano, nami nilikuwapo, nikiwa bado na meno yangu yote.

Kanisa letu lilisifika kwa kukaribisha watu. Kasisi alitufundisha kwamba meza ni ya Bwana, si ya ukoo wa mtu. Mgogo na Mha, mwenye viatu na asiye navyo, wote waje. Fundisho hilo tulilishika mpaka jasho likatutoka. Kila Jumapili, kabla ya matangazo, Mzee Mika, mzee wa kanisa, alisema, "Wageni wetu wasimame tuwaone." Wakisimama, tuliwapigia makofi, na baada ya ibada walipewa chai na karanga kabla ya mtu mwingine yeyote. Wako waliokuwa wageni mara mbili kwa mwezi kwa ajili ya karanga zile. Siwataji, wengine ni babu zenu.

Tulikuwa pia na desturi ya ufagio. Ulikuwa mmoja tu, nao ulilala nyumba kwa nyumba. Mwenye zamu alikaa nao wiki nzima, akafagia kanisa Jumamosi, na Jumapili akamkabidhi mwenzake mbele ya wote. Kanisa lisipofagiwa, wanawake wa Umoja wa Mama walikwenda kumgongea mwenye zamu kujua kuna nini. Kwa njia hiyo tulijua nani anaumwa, nani amefiwa, na nani amenuniana na mumewe.

Basi akaja Damari, mjane, fundi cherehani kutoka Kasulu, akapanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Jumapili ya kwanza alisimama, tukapiga makofi. Ya pili, Mzee Mika alimtazama kwa upendo mpaka akasimama tena. Ikawa hivyo miezi minane. Jumamosi moja alikuja kutusaidia kufagia. Mama Eseri, kiongozi wa Umoja wa Mama, alimnyang'anya ufagio. "Mgeni hafagii, dada yangu. Kaa unywe chai." Akakaa, akanywa.

Kisha Jumapili mbili hakuonekana. Hakuna aliyeuliza. Mgeni akitoweka, watu husema amerudi kwao.

Jumapili ya tatu aliingia amekonda, kilemba kimemlegea. Mzee Mika alipomwona, uso ulimng'aa.

"Mgeni wetu amerudi! Simama, mama, tukuone. Safari ilikuwa njema?"

Damari hakusimama. "Sikusafiri, mzee. Nililala na homa, pale pale nyuma ya mashine."

"Aa, pole sana. Basi simama tukupigie makofi ya pole."

"Makofi nimeshiba, mzee. Siku ya nne nilishindwa kuinuka kuchota maji. Nikasema, nikifa humu, wa kwanza kujua watakuwa panya. Mnanikaribisha tangu mvua hazijaanza. Nitafika lini?"

Mzee Mika alifungua kitabu cha sala, akapekua, akapekua tena, lakini sala ya jambo lile haikuwamo. Mama Eseri aliinamisha kichwa akawa anahesabu vidole vya miguu yake.

"Leo nimekuja kuaga," Damari akamalizia. "Kesho narudi Kasulu."

Siku hiyo ufagio ulikuwa utoke kwa Mama Eseri uje kwangu. Niliondoka benchi la tatu, nikauchukua, nikaenda kuulaza magotini kwa Damari.

"Zamu ni yako, shoga," nikamwambia.

"Hukunisikia? Naaga."

"Utaaga baada ya Jumamosi. Mwenye ufagio hasafiri."

Watu walisema Roho amenigusa. Sikuwabishia. Ukweli ni kwamba wiki ile nilikuwa na uwele wa kuvuna, na kiuno kilikuwa kinanisema. Bwana hutumia hata uvivu.

Damari akaushika. Jumamosi akafagia, Jumapili akamkabidhi mwenzake, na Kasulu hakwenda. Jina lake likaandikwa kwenye orodha ya zamu, na Mzee Mika akakatazwa kumtazama saa ya wageni.

Zamu yake ya pili ilipofika, Jumamosi jioni tulikuta kanisa halijaguswa. Tuliondoka watatu mpaka nyuma ya mashine. Mama Eseri aligonga mlango kama anayedai mbuzi wake.

"Damari wee! Popo wamechafua mpaka mbele ya madhabahu, nawe umejifungia ndani! Unaumwa, au ni uvivu?"

Mlango ulifunguka. Damari alikuwa mzima, futi ya kupimia shingoni, uzi mdomoni. Alikuwa na nguo za harusi za kumaliza, siku zikampotea.

"Mzima kabisa!" Mama Eseri akazidi kupaza sauti. "Na sisi tulikuja na uji wa mgonjwa!"

Mwenye mashine ya kusaga alitoa kichwa dirishani, kope nyeupe kwa unga. "Jamani, Mama Eseri, mbona unamfokea hivyo mgeni wa watu?"

Mama Eseri alifungua kinywa, lakini Damari alimtangulia. Alitema uzi, akajifunga kanga kiunoni, huku anacheka na machozi yanamtoka.

"Mwache anifokee, baba. Aliyepewa ufagio si mgeni."